Kijiti Chini, Macho Juu

Trekta likirudi nyuma na trela lililojaa majani chai, usukani hugeuka kitendawili. Ukiuzungusha kulia, mkia wa trela unakwenda kushoto. Ukichelewa kusahihisha, trela linazidi kupinda hadi linakaribia kugusa gurudumu la trekta, na huko nyuma majani mabichi yanaendelea kupata joto. Mjomba wangu, aliyeendesha trekta miaka mingi katika mashamba ya Kericho, alinitegulia kitendawili hicho kwa maneno machache: "Kijana, shika usukani kwa chini, halafu peleka mkono unakotaka trela liende."

Nikafanya hivyo, na trela likatii. Usukani ulikuwa uleule na magurudumu yaligeuka vilevile. Anayeshika juu akitaka trela liende kulia hupeleka mkono kushoto. Anayeshika chini huupeleka kulia. Mashine haijabadilika hata kidogo. Imebadilika picha ambayo dereva anayo kichwani.

Kitendawili cha namna hiyohiyo kipo kwenye vyumba vya gemu, Kericho mjini hadi Litein na Bomet. Wengi huko hucheza mpira, na kwenye mpira kamera hujiendesha yenyewe, kwa hiyo suala halizuki. Huzuka siku mtu anapoweka gemu ya kutembea na kulenga shabaha. Anasukuma mbele kijiti cha kulia cha padi akitarajia kuona juu, mhusika wake anainamia ardhi. "Nani amepindua hii?" Aliyepindua ndiye aliyetoka kucheza sasa hivi, na kwake yeye haijapinduka, ndiyo iliyo sawa.

Ndani ya programu jambo lenyewe ni dogo. Kijiti hutoa namba kati ya hasi 1 na 1. Programu huizidisha kwa kasi ya kugeuka na kwa muda uliopita tangu picha iliyotangulia, kisha huongeza jibu kwenye pembe ya kamera. Kupindua ni kuweka alama ya kutoa, basi. Ugumu uko kwenye mipaka ya alama hiyo: iguse kutazama juu na chini, isiguse menyu wala ramani, mhimili wa wima uwe na chaguo lake na wa mlalo lake, na anayerusha ndege ndani ya gemu aruhusiwe kuchagua tofauti na anapotembea kwa miguu. Studio nyingi zimekosea hapo. Septemba 2020 Nintendo ilitoa upya gemu 3 za zamani za Mario katika mkusanyo mmoja, bila chaguo la kupindua kamera. Wachezaji wakalalamika, na Novemba mwaka huohuo sasisho likaleta chaguo hilo. Miezi miwili kwa ajili ya alama ya kutoa.

Kwa nini watu wawili wenye akili timamu waone kinyume? Mtazame mpiga video wa harusi na kamera yake juu ya stendi ya miguu mitatu. Mkono wake uko kwenye mpini ulio nyuma ya kamera. Akiushusha, lenzi inapanda. Anayepindua anashika kijiti kama mpini huo, au kama ameweka kiganja kwenye kisogo cha mhusika: kivute nyuma, uso unaelekea mbinguni. Asiyepindua anajiona kama amebandika kidole kwenye lenzi yenyewe, au kwenye kile anachokitazama. Mmoja ameshika usukani juu, mwingine chini.

Maelezo yaliyozoeleka ni ya historia. Rubani akivuta mpini wake nyuma, pua ya ndege hupanda, na gemu za urushaji ndege zilifuata kanuni hiyo tangu mwanzo. GoldenEye 007, iliyotengenezwa na Rare mwaka 1997 kwa mashine ya Nintendo 64, ilikuja ikiwa imepinduliwa tayari; asiyetaka ilimbidi abadilishe mwenyewe. Siku hizi ni kinyume chake. Kwa hiyo ukimuuliza mtu kwa nini anapindua, atakutajia gemu yake ya kwanza, na atakuwa na hakika kabisa.

Jennifer Corbett na Jaap Munneke, watafiti wa utambuzi waliokuwa Chuo Kikuu cha Brunel, London, hawakuridhika na jibu hilo. Janga la Korona lilikuwa limefunga maabara, nao wakitafuta jambo linaloweza kuchunguzwa kwa mbali; swali hili likawafaa. Waliwapa wachezaji dodoso kuhusu walichowahi kucheza na wanachopendelea, lakini hawakuishia hapo. Wakawapa pia majaribio: kuzungusha maumbo akilini, kuona jambo kutoka upande wa mwingine, kutambua kitu kimeinamia wapi huku mandhari nayo imeinama. Jaribio moja lilihusu kile wanasaikolojia wanachokiita athari ya Simon: kitufe cha kubonyeza kiko kulia, ishara inatokea kushoto, na mkono unasita. Kisha wakaiachia kompyuta ipime ni kipi kati ya hayo yote kinachotabiri vizuri zaidi nani anapindua.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2025, nami naona ndiyo kiini cha suala zima. Sababu ambazo watu walizitaja wenyewe hazikutabiri kitu. Kilichotabiri ni kasi: mtu anazungusha umbo akilini kwa haraka kiasi gani, na anaishinda athari ya Simon kwa haraka kiasi gani. Wenye kasi kubwa walielekea kutopindua. Waliopindua walikuwa wa polepole kidogo, ila walielekea kuwa sahihi zaidi. Corbett akashauri kila mchezaji ajaribu upande asiouzoea kwa saa kadhaa, kwa sababu huenda mazoea yanamficha upande unaomfaa.

Ikiwa ndivyo, kumuuliza mchezaji kwa maneno, kwenye orodha ya mipangilio, ni kukiuliza kinywa swali la mkono. Ndiyo maana bado naiheshimu gemu ya Halo, ya studio ya Bungie, ya mwaka 2001. Mwanzoni askari anaamshwa kutoka usingizi wa barafu, na fundi anamwambia atazame taa, ya juu na ya chini, apime macho ya deraya yake. Baadaye fundi anageuza mwelekeo, anamwomba arudie, kisha anauliza abakize ipi. Mchezaji hajaambiwa neno "mhimili". Amejaribu zote mbili kwa kidole chake, ndani ya hadithi, halafu akachagua. Sijaona njia bora zaidi tangu hapo.

Kwa chumba cha gemu cha Litein, hata hivyo, njia hiyo ina pengo. Chaguo likishafanywa, huhifadhiwa chini ya jina la mchezaji mmoja. Waliobuni mashine za gemu walimfikiria mtu na mashine yake nyumbani. Hawakufikiria benchi la vijana 8, padi 2 na jina moja la mtumiaji, ambalo kwa kawaida ni la mwenye chumba. Hapo anayepindua huwa mgeni daima: muda wake wa kulipia unaanza kwa kupekua menyu, au anacheza kinyume na mkono wake na kuitwa mchezaji hafifu. Hili linaniuma, kwa sababu tiba yake haihitaji pesa.

PlayStation 5 ina mipangilio ya jumla ambayo gemu nyingi huifuata: mwelekeo wa kutazama unaweza kugeuzwa kwa gemu za kuona kwa macho ya mhusika, na kando yake kwa zile za kumwona mhusika kwa nyuma. Mipangilio hiyo hufuata jina la mtumiaji. Mwenye chumba anaweza kufungua jina la pili, aligeuzie wima, aliite "Chini", na lile la kwanza aliite "Juu". Mteja akikaa, apewe dakika moja ya bure kwa kila jina, bila kuulizwa lolote, padi ikiwa mkononi.