Simu, Ugeuzaji wa Mafaili na Rangi: Uhakiki wa Filamu ya Tangerine (2015)

Filamu ya Tangerine, iliyoongozwa na Sean Baker na kurekodiwa kwa simu za iPhone 5s mjini Los Angeles, husifiwa mara nyingi kana kwamba simu ndiyo msanii. Uhakiki huu unapinga mtazamo huo. Simu hiyo hubana video kwa mfumo wa H.264, kila mkondo wa rangi ukihifadhiwa kwa robo tu ya sampuli za mwangaza. Kuyageuza mafaili hayo kuwa ya muundo mzito zaidi kunarahisisha uhariri, lakini hakurejeshi kilichokwisha kutupwa. Baker alikusudia kwanza kuzififiza rangi, kisha akaamua kuzikoleza. Kwa hiyo, mng'ao wa machungwa wa filamu hiyo ni uamuzi wa kisanaa uliofanywa baada ya upigaji picha. Kuuhesabu kuwa tunu ya kamera ni kumnyima msanii haki yake.