Jengo Linalonyumbulika: Dallas, Houston na Nyumba Zetu za Baraza

Vyuo vya usanifu majengo siku hizi vinawapa wanafunzi zoezi ambalo maneno yake hubadilika kidogo lakini kiini chake ni kimoja: sanifu jengo linalonyumbulika, yaani linaloweza kugeuzwa matumizi bila ya kuvunjwa, na ambalo litawakutanisha watu wa mtaa. Kijana wa ukoo wetu anayesoma fani hiyo Texas alinitumia michoro yake ya zoezi la namna hiyo, akaniuliza, "Ami, watu wa kale walilifanyaje hili?" Michoro ilikuwa na kuta za kusukumwa kwa magurudumu, viti vya kukunjwa na dari la kupanda na kushuka. Watu waliochorwa ndani walikuwa wote wanacheka. Mahali pa kukaa kabla ya kuingia sikupaona.

Swali lake ni la mwanahistoria, kwa hiyo nimelichukua. Nitaanza na majengo ya huko huko aliko, ambayo anaweza kuyaendea, kisha nirudi pwani kwetu.

Dallas wana jengo ambalo kila mwalimu wa zoezi hili hulitaja: Wyly Theatre, ukumbi wa tamthilia uliofunguliwa mwaka 2009, kazi ya Joshua Prince-Ramus na Rem Koolhaas. Kwa kawaida nyumba ya tamthilia huzungukwa na vyumba vyake vya huduma: ukumbi wa mapokezi mbele, vyumba vya waigizaji nyuma, maghala ubavuni. Hapa wasanifu wamevipanga vyote hivyo juu na chini ya ukumbi, jengo likawa mnara, na ukumbi wenyewe ukabaki chini umezungukwa na vioo. Viti na roshani zake huweza kuinuliwa kwa mitambo kama zinavyoinuliwa pazia na mandhari. Leo jukwaa liko mbele ya watu, wiki ijayo liko katikati yao, siku nyingine ni sakafu tupu, na mtazamaji anaweza kuona mji kupitia jukwaani.

Ni kazi ya akili nyingi na siwezi kuidharau. Lakini ukiitazama kwa jicho la mtu wa mtaani utaona kwamba kunyumbulika kwake ni kwa wenye funguo. Mkurugenzi wa tamthilia ndiye anayebadilisha, fundi mitambo ndiye anayetekeleza, na mtazamaji hukuta mambo yamekwisha kupangwa. Mpita njia hana lake kabisa. Hata kuingia, mtu hushuka mteremko hadi kwenye mapokezi yaliyo chini ya usawa wa barabara. Jengo linageuka kila upande isipokuwa upande ule linapokutana na mji. Basi kabla ya kuuliza kama jengo linabadilika, nauliza ni nani anayelibadilisha, kwa nguvu gani, na kwa ruhusa ya nani.

Kwetu jambo hili liliamuliwa kwa sehemu kubwa na boriti. Nguzo ya mkoko inayoweza kubeba dari la chokaa na mawe haivuki sana mita tatu, na kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja ni virefu na vyembamba, vikifuatana au kupangwa kuzunguka uwanja wa ndani. Chumba kikiwa na upana ule ule wa mwenzake, hakijifungi na kazi moja. Kinalaza mgeni wa kaskazi, kinawekwa bidhaa, kinakuwa chuo cha watoto, kinatengwa kwa ajili ya bibi harusi. Hakuna ukuta uliosogezwa. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo na Ng'ambo iliichukua hekima hiyo na kuirahisisha: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma, baraza mbele. Mwenye nyumba hujenga viwili akahamia, akaongeza viwili mapato yakiruhusu, akapangisha kimoja, na mwanawe akioa hukirudisha mkononi. Nyumba hiyo imepokea wapangaji wa makabila yote ya bara na haikuhitaji msanifu.

Na baraza. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, mzizi wa kutokeza na kujitokeza, na huko Oman barza ni kikao cha mtawala au liwali kusikiliza watu. Waswahili wakalichukua neno la kikao wakalipa kiti: benchi la mawe lililoungana na ukuta wa nyumba, nje ya mlango. Thamani yake kwa anayejifunza usanifu ni kwamba liko nusu ndani na nusu nje. Aliyekaa hapo hajaalikwa wala hajafukuzwa. Mwenye nyumba anaweza kumpokea mtu bila ya kumfungulia mlango, na mtu anaweza kuaga bila ya kutafuta udhuru. Kwa upana wa dhiraa moja hivi, ukuta mtupu unakuwa mahali pa kahawa, bao, biashara na siasa.

Nasema hayo bila ya kuipamba historia, maana wapo kati yetu wanaoliandika baraza kama kwamba lilikuwa la kila mtu. Lilikuwa la wanaume. Mtumwa alikaa hapo kwa kungoja kutumwa. Wanawake wa nyumba za mawe walikuwa na njia zao, na Lamu wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, kiliwawezesha kupita nyumba hadi nyumba bila ya kuonekana na hao waliokaa chini. Kila jengo linalokutanisha watu huwa limechagua ni watu gani. Mwanafunzi anayechora watu wanaocheka aandike pembeni ni akina nani, na ni nani hakuja.

Houston ndiko nilikoliona baraza likiishi mbali na kwetu, ingawa hawaliiti hivyo. Katika mtaa wa Third Ward, ambao kwa vizazi umekuwa wa Wamarekani weusi, zilikuwapo nyumba ndogo 22 za mbao zilizojengwa miaka ya 1930, zimepangwa safu na kila moja ina kibaraza chake mbele. Ni nyumba nyembamba, chumba nyuma ya chumba bila ya ukumbi, zile zinazoitwa "shotgun" kwa sababu, wanasimulia, risasi ikipigwa mlango wa mbele itatokea wa nyuma bila ya kugusa ukuta. Mtafiti John Michael Vlach, katika miaka ya 1970, alifuata asili yake kutoka New Orleans hadi Haiti, na kutoka Haiti hadi nyumba za Wayoruba. Mchoraji John Biggers, aliyefundisha chuo kikuu cha Texas Southern mtaani hapo hapo na kuzuru Afrika Magharibi mwaka 1957, alizichora nyumba hizi kwa heshima ambayo wenye mji hawakuwa nayo. Mwaka 1993 Rick Lowe na wasanii wenzake walizichukua zilipokuwa magofu ya kungoja kubomolewa, wakaanzisha Project Row Houses.

Nyumba hizo hazikugeuzwa kwa mitambo. Baadhi zilifanywa vyumba vya maonyesho ya sanaa, saba zikawa makazi ya kina mama vijana wanaolea peke yao huku wakisoma, nyingine zikapewa kazi za mtaa. Upana ule ule, mlango ule ule, kibaraza kile kile. Jambo lililofanywa na boriti ya mkoko huku kwetu, kule limefanywa na ufinyu wa kiwanja na umaskini wa mpangaji: vyumba vilivyo sawa hupokea maisha yasiyo sawa. Sidai kuwa kuna nasaba kati ya nyumba ya Mwambao na nyumba ya Third Ward. Yoruba si Lamu. Nadai kuwa tatizo moja lilipata jibu linalokaribiana, na jibu hilo halikutoka chuoni.

Chuo kilikuja baadaye, na kilikuja vizuri. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice, katika karakana yao ya Rice Building Workshop chini ya Danny Samuels na Nonya Grenader, walianza kusanifu na kujenga kwa mikono yao kwa ajili ya Project Row Houses. Kazi yao ya mwanzo waliipa jina la Six-Square House, nyumba ya miraba sita, wakichukua vipimo na tabia za nyumba za safu bila ya kuziiga kama kasuku. Walifuata na nyumba ya futi za mraba 500 tu. Mwaka 2009 walipeleka Washington nyumba ya umeme wa jua kwenye mashindano ya vyuo, na mashindano yalipokwisha nyumba ilirudishwa Third Ward ikaliwe. Hapo ndipo napoona tofauti kubwa na mazoezi mengine. Mashindano mengi huishia kwenye picha. Nyumba hii ilikuwa na anwani kabla ya kuwa na ramani. Mwanafunzi alijua jua la alasiri litapiga upande gani na jirani ataketi wapi.

Houston hiyo hiyo imepata Novemba 2025 jengo jingine litakalowavutia wasomaji wetu, Kituo cha Ismailia, kazi ya msanifu Farshid Moussavi, katika bustani ya ekari 11 karibu na mto wa Buffalo Bayou. Jamaa wengi waliolisubiri asili zao ni Afrika ya Mashariki, wengine wakiwa waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Moussavi ameweka pembeni mwa jengo madaka makubwa yenye nguzo, ambayo kwa Kifarsi huitwa eivan na Waarabu huyaita iwan: mahali penye paa pasipo ukuta wa mbele. Kwa joto la Houston, hakuna zawadi ya umma iliyo bora kuliko kivuli. Wasiwasi wangu ni mji wenyewe. Baraza hutegemea mtu anayepita kwa miguu, na katika mji ambao watu hupita kwa magari, daka zuri kuliko yote hungoja wageni walioamua kuja. Hilo si kosa la msanifu, lakini si vyema kulisifu jengo kwa kazi ambayo barabara hairuhusu ifanyike.

Nirudi Dallas, kwa kuwa mfano ninaoupenda kuliko yote uko huko, na jina lake litawafurahisha watu wa Dar es Salaam: Congo Street. Si Kongo ya Kariakoo yenye mitumba na makelele. Ni kichochoro cha nyumba ndogo mashariki ya mji, karibu na Fair Park, ambazo zilikuwa zimechakaa kiasi cha kutishiwa kuvunjwa. Wenyeji hawakutaka kuhamishwa. Mwaka 2008 Brent Brown na taasisi yake ya bcWORKSHOP, pamoja na wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu cha Texas huko Arlington, walikaa na wenyeji hao, na likazuka wazo jepesi ambalo ningependa kila darasa lilijue. Walijenga kwanza nyumba moja ya kungojea. Familia ya kwanza ikahamia humo, nyumba yake ikajengwa upya, ikarejea; ya pili ikaingia mahali pake; na kadhalika. Hakuna aliyelala nje ya mtaa wake.

Sasa angalia kilichonyumbulika hapo. Kuta za nyumba ya kungojea ni kuta za kawaida. Kilichopangwa ni zamu, na zamu inawezekana tu pale watu wanapoaminiana kwamba aliyeingia atatoka. Mwanafunzi aliyeshika msumari Congo Street amejifunza usanifu wa wakati pamoja na usanifu wa mbao, na ramani yake ilipaswa kusomwa na mwenye nyumba kabla ya mwalimu. Sioni katika Wyly Theatre, pamoja na mitambo yake yote, jambo gumu kuliko hilo.

Kuna upungufu mmoja unaozihusu kazi zote hizi, na hapa wanahistoria wa Mwambao tuna la kusema. Jengo la matumizi mengi huchakaa kwa njia nyingi. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 kwa hafla na mapokezi, iliwahi kuwa ofisi za serikali ya Waingereza na mwishowe makumbusho. Jengo gani la Unguja limenyumbulika zaidi? Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na mafundi wakafariki. Kila aliyeitumia aliikuta tayari kutumika, na hilo huwa ni udhuru wa kutoitengeneza.

Wazee walilijua tatizo hili na dawa yao ilikuwa wakfu. Mwenye kuweka wakfu hakuandika tu kuwa nyumba ni ya msikiti au ya mafukara. Aliandika pia duka gani au shamba gani litoe fedha za kuitengeneza, na nani awe msimamizi. Kusudi likafungwa, kuta zikaachwa huru. Third Ward wana jambo la jirani na hilo: Emancipation Park, ardhi ya ekari kumi iliyonunuliwa mwaka 1872 kwa mchango wa watu waliokuwa wametoka utumwani, ili wawe na mahali pao pa kusherehekea uhuru. Matumizi yake yamebadilika mara nyingi na ardhi ingali ya umma. Ndiyo maana Project Row Houses hawakutosheka na nyumba 22. Mwaka 2003 walianzisha shirika la pili la kujenga nyumba za kupangisha kwa bei nafuu, baadhi kwa michoro ya hao hao wanafunzi wa Rice, kwa kuwa bei ya ardhi katika mtaa huo inapanda na mpangaji wa kibaraza ndiye wa kwanza kuondoka. Houston haina hata sheria ya kugawa ardhi kwa matumizi. Wapiga kura waliikataa mara ya tatu mwaka 1993, mwaka ule ule Lowe alipozipata nyumba zake. Mwenye fedha aweza kuweka mnara ubavuni mwa nyumba ya mbao na hakuna wa kumuuliza. Kwa hali hiyo, karatasi ya umiliki ni sehemu ya jengo kama lilivyo paa, na ingefaa iwekwe ukutani pamoja na michoro siku ya mtihani.