Kusimama na Aliyeumizwa

Kesi ya jinai ikiitwa mahakamani nchini Kenya, hutajwa Jamhuri upande mmoja na mshtakiwa upande wa pili. Mama aliyevunjwa mkono, kijana aliyekatwa panga akiporwa, mtoto aliyenajisiwa: jina lake halimo. Serikali imelichukua lalamiko lake, naye mara nyingi hubaki shahidi tu. Katika pengo hilo ndimo wanamofanya kazi watetezi wa haki za waathiriwa wa uhalifu, na wapo waliomaliza ujana wao humo. Nawavulia kofia.

Ufundi wao ni wa mambo madogo yasiyongoja. Mtetezi anajua kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72, kwa hiyo hospitali kwanza. Anajua nguo za aliyebakwa hazifuliwi wala hazitiwi kwenye plastiki, kwani unyevu huharibu ushahidi. Huwekwa kwenye mfuko wa karatasi. Daktari akishaijaza P3, fomu ya polisi ya kurekodi majeraha, mtetezi huipitia mstari kwa mstari, maana jeraha lisiloandikwa ni vigumu kulithibitisha mbele ya hakimu.

Kisha inakuja ngoja ngoja. Shahidi hajafika, faili haionekani, hakimu amehamishwa. Kesi inaahirishwa tena. Wazee nao wanabisha hodi jioni na ahadi ya mbuzi, ili mambo yaishie nyumbani. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo mtetezi huonyesha thamani yake: anampigia mwathiriwa simu usiku wa kuamkia kesi, anamtafutia nauli, anaketi naye kwenye benchi nje ya mahakama asije akazingirwa na jamaa za mshtakiwa.

Sheria nayo imesogea. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 iliwapa haki ya kusikilizwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi kupitia wakili wake, bila kugeuka mwendesha mashtaka wa pili wala kumnyima mshtakiwa haki zake.

Lakini sheria haimshiki mtu mkono kumpeleka kituoni. Basi jirani yako akiumizwa, usimwambie avumilie. Mpeleke hospitali, mtafutie msaidizi wa kisheria, na siku ya kesi fuatana naye.