Mgongo Ulioachwa Wazi

Wengi mlikuwepo Londiani Jumamosi, fundi alipoifunika klipubodi ya hadibodi kwa karatasi, kwa hiyo sitarudia yote. Mliona kibanio kikitolewa kwanza, riveti zikisagwa kwa tupa, badala ya karatasi kukatwakatwa kukizunguka. Mliona pembe zikikatwa kwa kuacha nafasi ya unene wa ubao mmoja na nusu, kama inavyotakiwa. Chapa ya kiazi, majani mawili na chipukizi, ilikaa vizuri kwenye karatasi ya kaki. Zawadi ya karani wa kituo cha chai anayestaafu ilianza kwa heshima yake.

Kisha fundi akakunja kingo sentimita 2 kwa nyuma, akaugeuza ubao, akautazama mgongo, akaupangusa kwa kitambaa na kuuacha hivyo hivyo. Alisema mgongo wa klipubodi hutazama tumbo la anayeishika, nani atauona? Vichwa vikatikisika kukubali. Mimi nilikuwa safu ya pili na nilitaka kusimama.

Kazi iliharibikia hapo, na hakuna vanishi itakayoiokoa. Karatasi ikipakwa gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji hunywa yale maji na kutanuka, hasa kukatisha nyuzi zake. Unailaza juu ya ubao ikiwa bado imetanuka. Ikikauka inataka kurudi kwenye upana wake wa awali, lakini sasa imeshikwa. Kwa hiyo huvuta ubao wenyewe. Hadibodi ya milimita 3 haina nguvu ya kukataa. Huinama kuelekea upande wa karatasi, polepole, mpaka siku moja unailaza mezani na inacheza kama kiti chenye mguu mfupi. Dawa ni moja: karatasi ileile, nyuzi zikielekea upande uleule, ibandikwe na nyuma siku hiyo hiyo. Pande mbili zivutane, ubao ubaki katikati umenyooka.

Fundi alikuwa na dakika kumi za kufanya hivyo. Gundi ilikuwa bado kwenye kopo. Badala yake akausogeza ubao karibu na jiko ukauke upesi, na mvuto ukaongezeka mbele ya macho yetu. Baadaye akapaka vanishi mara mbili upande wa mbele tu. Upakaji ulikuwa mzuri, haukuacha michirizi. Lakini sasa mbele pamezibwa na nyuma pako wazi, katika mji wa ukungu wa asubuhi na mvua za alasiri. Mgongo utanywa unyevu na kuvimba, mbele hapataongezeka, na ubao utazidi kujikunja kule kule ulikoanza. Tena utamfuata karani huyu, ambaye miaka yote ameshika ubao wake kando ya mizani, katikati ya magunia ya majani mabichi yanayotona maji. Mzee kama huyo atajua ubao uliopinda mara tu atakapouandikia.

Wajalidi wa vitabu walilijua jambo hili kabla hatujazaliwa. Fungua jalada gumu la kitabu chochote cha zamani: ndani kuna karatasi iliyobandikwa juu ya ubao. Wengi hudhani ni ya kuficha kingo za kitambaa tu. Kazi yake nyingine muhimu ni kuvuta kinyume cha kifuniko cha nje, ili jalada lisijikunje. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika karne za 18 na 19 kwa kunakili na kujalidi misahafu, pwani yenye unyevu mwingi. Watu wa kazi ile hawakuuliza mgongo utaonwa na nani.

Na hapa nitarudia ninachokisema kila mwaka. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sanaa na ufundi vilitahiniwa katika KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Mwalimu aliyetufundisha mimi na wenzangu alikuwa akichukua kazi yako, anaigeuza kabla hajaitazama mbele, na alama zako zilianzia hapo. Mtihani ulipopunguzwa masomo mwanzoni mwa miaka ya 2000, ufundi ukatupwa, na kizazi kizima kikakua kikijua kupamba bila kujua ubao unafanya nini chini ya pambo. Fundi wa Jumamosi ana mkono mzuri kuliko wangu. Hakupata mtu wa kumgeuzia ubao.

Wapo waliosema alikuwa akiokoa karatasi. Hapana. Nusu ya shiti ilibaki imeviringishwa kando ya kopo la gundi, na nusu hiyo inatosha kufunika mgongo wa sentimita 23 kwa 32.

Kwa kuwa sherehe ya kumuaga karani ni wiki ijayo, mgongo bado unaweza kubandikwa karatasi, ingawa siku yake imepita. Toa kibanio tena. Piga mgongo msasa, hasa penye mkunjo wa kingo. Kata ile nusu shiti, lowesha kipande chembamba uone kinajiviringisha wapi, ili nyuzi zilingane na za mbele. Paka gundi kutoka katikati kwenda pembeni. Weka ubao kati ya mbao mbili zilizonyooka, karatasi ya nailoni kila upande, matofali manne juu, siku tatu, mbali na jiko. Vanishi ya nyuma ipakwe siku ya nne.