Vuta n'kuvute haikatwi mafungu matano

Fainali ya shindano la kusoma ilimalizika saa nane mchana, ingawa baraza la maswali lilifunguliwa baada ya magharibi na mshindi akatangazwa usiku. Saa nane ndipo nahodha wa wenyeji alipowagawia wasomaji wake watano nakala za Vuta n'kuvute, akampa kila mmoja fungu lake la kurasa na kuwataka waanze wote kwa pamoja: wa kwanza mwanzo wa kitabu, wa tano mwisho wake. Mashabiki wake walipiga makofi. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu uamuzi ule ulikuwa kosa tangu ulipotamkwa, na hakuna bahati barazani ambayo ingeuokoa.

Mlikuwepo, mnajua hali ilivyokuwa. Wenyeji walikuwa nyuma kwa kurasa tangu wiki ya tatu. Bahasha ya fainali ilipofunguliwa ilitoa vitabu viwili, timu ichague kimoja: Kusadikika ya Shaaban Robert au Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Vitabu vinafungwa saa kumi na mbili jioni. Kurasa ni nusu ya alama, baraza ni nusu nyingine, na barazani ni wapinzani wanaomchagua msomaji wa kujibu. Hiyo kanuni ya mwisho ndiyo roho ya shindano zima. Ikiwa mpinzani anaweza kumwinua yeyote kati ya watano, basi kila mmoja wa watano lazima awe amekibeba kitabu kizima. Nahodha anaijua kanuni hiyo vizuri kuliko wengi wetu, maana msimu uliopita ni yeye aliyeitumia kumwinua msomaji dhaifu wa timu pinzani.

Alichagua kitabu kirefu kwa sababu kina kurasa nyingi za kuhesabiwa. Akakigawa kwa sababu hakuna mtu wa kukimaliza kwa saa nne. Kila hatua ukiitazama peke yake ina hoja yake. Zikiungana zinakupa timu yenye watu watano ambao kila mmoja amesoma hadithi isiyo na kichwa, au isiyo na miguu, au isiyo na vyote viwili.

Hoja aliyoitoa pale mezani, na nimeisikia ikirudiwa tangu siku ile, ni kwamba Vuta n'kuvute kila mtu aliisoma kidato cha tano na cha sita. Hapa ndipo ugomvi wangu wa miaka mingi unaporudi, na siombi radhi kuurudia. Wengi wa waliopita kidato cha sita hawakuisoma riwaya hiyo. Walisoma uchambuzi wake. Walinunua vile vijitabu vya fani na maudhui, wakakariri kwamba dhamira ni ukombozi, ndoa za kulazimishwa, ubaguzi na mapenzi. Wakakariri kwamba Denge ni jasiri na ni mwanamapinduzi. Wakaingia kwenye chumba cha mtihani na kutoka na alama nzuri. Kule Kenya ni yale yale kwa jina la mwongozo: Utengano ilikuwa na miongozo, Kidagaa Kimemwozea ikawa na miongozo, na wako wanafunzi waliomaliza shule wakiwa na mwongozo uliochakaa na riwaya ambayo haijafunguliwa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia anza katikati ya kitabu, haoni hatari yoyote, kwa kuwa alizoeshwa tangu shuleni kwamba kitabu ni orodha ya mambo. Nahodha alijenga mpango wa fainali juu ya kumbukumbu ya vijitabu vile.

Sasa tuitazame riwaya yenyewe, maana kosa limo humo. Shafi ameisuka kwa kurudisha watu. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka kumi na mitano, anaozwa kwa Bwana Raza mwenye umri wa kuwa baba yake na zaidi. Anachukuliwa Mombasa. Anatoroka, anarudi Unguja, watu wake mwenyewe wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma. Kwa Mwajuma anakutana na Denge, aliyesoma Urusi na anayewindwa na Inspekta Wright na Koplo Matata. Hapo ndipo wengi wanapoisimamisha hadithi, kwa Yasmin na Denge, na filamu ya Amil Shivji ya 2021 imewazidishia mazoea hayo, maana nayo imewashika hao wawili. Lakini hadithi ilipokuwa bado Mombasa, mapema kabisa, Shafi aliweka mtu mmoja pembeni: Bukheti, jirani. Hampi kazi kubwa wakati ule. Anamwacha. Kurasa nyingi zinapita, watu wanakamatwa, watu wanapotea, na Bukheti anarudi kuwa mume wa Yasmin.

Msomaji aliyeanza mwanzo akifika hapo anaelewa kwa nini Yasmin anaweza kumwamini. Anakumbuka jirani yule alimwona Yasmin katika hali gani, akiwa mke wa nani, akiwa mpweke kiasi gani. Msomaji aliyeanzia fungu la tano anamwona mwanamume mmoja mwema ametokea tu, na ndoa yao inakuwa njia ya mwandishi ya kukifunga kitabu. Maneno ni yale yale, kurasa ni zile zile, na hesabu ya kurasa inamlipa sawa na mwenzake. Riwaya aliyoisoma ni nyingine, na ni mbaya kuliko ile aliyoiandika Shafi.

Wageni waliona hivyo mara moja. Nahodha wao hakupoteza swali hata moja kwa Denge wala kwa siasa. Swali la kwanza alimwinua msomaji wa tano, yule dada mdogo aliyefanya kazi nzuri wiki zote nne, akamuuliza: Yasmin anapomkubali Bukheti, anamjua tangu lini, na alimjua katika hali gani? Dada alimtazama nahodha wake. Kisha akasema kweli, mbele ya ukumbi mzima: "Kaka, mimi huyu Bukheti nimemkuta tu. Sijui ametoka wapi." Msomaji wa kwanza, aliyekaa viti vitatu kutoka kwake, alikuwa na jibu lote mdomoni na haruhusiwi kulisema. Swali la pili walimwinua huyo huyo wa kwanza na kumuuliza mwisho wa Denge. Naye hakuwa amefika. Alijibu kwa kumbukumbu ya filamu, na mwamuzi akamkatalia.

Nasikia lawama zikimwelekea yule dada. Ziachwe. Hakuna msomaji duniani ambaye angeweza kulijibu swali lile kutoka kwenye fungu lile. Anayelaumiwa ni aliyemkabidhi mwisho wa kitabu bila kumkabidhi mwanzo wake.

Makabidhiano, ndilo jambo lililokufa siku ile. Kanuni haiyalazimishi, ni desturi tu, lakini ndiyo desturi iliyofanya shindano hili liwe la timu badala ya watu watano waliokaa meza moja. Msomaji anafika mwisho wa zamu yake, anafunga kitabu kwa kidole, anamweleza anayepokea. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku hamwambii mwenzake kwamba mgonjwa wa kitanda cha sita ana homa, akaondoka. Anamwambia homa ilianza lini, amepewa nini, nini kimemkataa, na nini cha kuangalia kabla ya alfajiri. Makabidhiano ya kitabu nayo yana kazi hiyo.

Aliyeyafanya vizuri kuliko wote niliowaona ni mwalimu mmoja mstaafu aliyeongoza timu yake misimu ya mwanzo, kabla ya simu kuingia mezani. Timu yake ilipopewa Mzimu wa Watu wa Kale, ile riwaya ya Mohammed Said Abdulla iliyoshinda shindano la uandishi la 1957-58 na kuchapishwa 1960, Mwalimu aliweka mambo matatu ambayo kila anayetoka lazima ayaseme kwa anayeingia: nani anajua nini, nani anamficha nani, na ni kitu gani kimetajwa lakini hakijatumika. Basi. Hakutaka muhtasari. Muhtasari alikuwa akiukatiza: "Hayo atayaona mwenyewe." Riwaya ya upelelezi inaishi kwa lile jambo la tatu, na msomaji wake wa nne alipomfikia Bwana Msa akikusanya ushahidi wake, alikuwa na kila kitu ambacho Bwana Msa alikuwa nacho. Barazani yeyote aliinuliwa, yeyote alijibu. Timu ya juzi ingefuata jambo la tatu peke yake, Bukheti angefika fungu la tano akiwa na jina, mahali na sababu.

Na wako watakaosema muda haukutosha. Ulitosha kwa mambo mawili tofauti, na nahodha hakujaribu hata moja.

La kwanza lilikuwa ndani ya bahasha. Kusadikika, iliyotoka 1951, ni kitabu chembamba, na Shaaban Robert alikijenga kwa namna inayokubali kugawanywa. Karama ameshtakiwa na anajitetea barazani kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi yao: wanne pande nne za dunia, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Kila safari ina mwanzo wake na mwisho wake, na kila mjumbe anarudi nyumbani kukuta malipo yale yale ya kuadhibiwa kwa wema. Ukiijua safari moja na ukaijua kesi, umeijua mifupa ya kitabu. Mpe kila msomaji safari yake, mmoja abebe mbili, wote wasome ufunguzi wa kesi na hukumu, halafu wasimuliane. Wageni walifanya hivyo hivyo, na walishinda.

La pili lilikuwa kuisoma Vuta n'kuvute kwa sauti. Mtu mmoja anasoma, wanne wanasikiliza, wanabadilishana koo linapokauka. Kwa saa nne hawangeimaliza, nakubali. Wangefika mbali kiasi cha kutosha kumshika Raza, Mombasa, Bukheti, mlango uliofungwa na Mwajuma aliyefungua wake, wote watano kwa pamoja, na wangeingia barazani wakiwa na kurasa chache na kitabu kimoja vichwani. Wangepoteza kwenye nusu ya kurasa na kupigana kwenye nusu ya maswali. Kwa mpango waliochukua walipata kurasa zao zote na bado wakashindwa.

Kusoma kwa sauti kumedharauliwa mno katika shindano hili, kana kwamba ni kazi ya darasa la kwanza. Nchi hii iliwahi kusoma hivyo kwa ukubwa ambao vilabu vyetu vyote havijaufikia. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi vya vijiji na mitaa, wakasikiliza redio, mmoja akawasomea kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Wengi wao hawakujua kusoma hata herufi. Kitabu kimoja kwa kikundi kizima kiliwatosha, kwa sababu kila mtu alisikia kila neno. Huko pwani nako Utendi wa Mwana Kupona, wa 1858, umepita vizazi kwa midomo na masikio ya wanawake waliokaa pamoja. Tulipouondoa utenzi kwenye makundi ya lazima misimu miwili iliyopita, kwa madai kwamba hauna kurasa za kutosha, nilisema kwamba tunafukuza aina pekee ya maandishi inayowalazimu wasomaji watano kukaa kimya na kusikiliza kitu kimoja. Sijabadili maneno.

Na kurasa zenyewe ni kipimo gani? Chapa mbili za kitabu kile kile hazilingani, moja ina herufi nene na nyingine imebana. Ukurasa wa diwani wenye beti mbili unalipwa sawa na ukurasa wa Kezilahabi katika Nagona, ambao msomaji makini anaweza kuusoma mara tatu na bado akarudi juu. Waandaaji wanajua. Wamekuwa wakijua tangu msimu wa kwanza, na kila msimu wanasema watalitazama. Nahodha aliyecheza kwa kufuata kurasa alikuwa anafuata pale kanuni inapomvuta, na hilo ni la kuwauliza wao, ingawa halimwondolei yeye kosa lake, kwa kuwa nusu ya pili ya alama ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ile ile ya kanuni.

Wala wenyeji si wasomaji wabaya. Wiki tatu za mwanzo walisoma vizuri, na msomaji wao wa tatu alilieleza suala la Utubora, yule mkulima wa Shaaban Robert, kurudi shambani kwa namna safi kuliko yeyote msimu huu.

Tangazo limetoka kwamba timu itarudi na nahodha yule yule, na kwamba kitabu cha kufungulia msimu ni Haini, tena ya Shafi, ya 2003. Ni riwaya ya watu waliokamatwa baada ya kiongozi kuuawa, wanateswa, wanalazimishwa kukiri, na maungamo ya mmoja yanatumika kumnasa mwingine. Msomaji asiyekuwepo wakati mtu akipigwa atakutana na maungamo yake baadaye na kuyadhani kweli. Nahodha aanze kuwafundisha makabidhiano wiki hii, na zamu ya kwanza ampe yule dada.