Makohozi Juu ya Pikipiki

Kikopo cha makohozi hakifikii uzito wa yai, lakini msafirishaji wa sampuli alikipokea kwa mikono miwili. Akakaza kifuniko, akasoma jina, akalilinganisha na fomu herufi kwa herufi. Jina huandikwa ubavuni mwa kikopo, kwa kuwa vifuniko huweza kubadilishana. Kikopo kikaingia kwenye mfuko pamoja na karatasi ya kufyonza, mfuko ukaingia kwenye chombo kigumu, chombo kikasimamishwa wima ndani ya deli lenye pakiti za barafu. Fomu akaitia kwenye mfuko wa peke yake, ili kikopo kikivuja isilowe. Hakuna aliyekuwa akimsimamia.

Kazi hii ipo kwa sababu mashine haiji zahanati. GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutoa jibu la kifua kikuu kwa muda usiofika saa 2, na papo hapo huonyesha kama vimelea ni sugu kwa rifampisini. Ila inataka umeme wa uhakika na mtu aliyefunzwa, kwa hiyo mara nyingi hukaa hospitali ya wilaya. Bila pikipiki hii, anayesafiri ni mgonjwa: nauli, siku nzima ya shamba, na kikohozi ndani ya basi lililojaa.

Makohozi mazuri hayapatikani kirahisi. Mgonjwa huyatoa alfajiri, nje penye hewa, akivuta pumzi ndefu mpaka kifua kiitike. Mzee aliyedhoofika hutaabika sana kupata mililita chache tu. Yakimwagika njiani, taabu ile yote inaanza upya, na siku za kusubiri zinaongezeka.

Msafirishaji huyu analijua hilo, nami naliona katika uendeshaji wake. Penye mawe hupunguza mwendo mapema, asije akafunga breki ghafla. Akisimama, hutafuta kivuli cha deli kwanza, chake baadaye. Joto huwapa nguvu bakteria wengine wa mdomoni, wakaiharibu sampuli inayokwenda kuoteshwa; jua nalo huua vimelea vilevile ambavyo maabara inavitafuta. Mvua za masika zikijaza mkondo, hushuka na kuvuka kwa miguu kwanza, apime kina, ndipo arudi kuchukua pikipiki. Nilimtazama akifanya hivyo bila haraka, suruali imekunjwa hadi magotini, na nikamheshimu kwa dhati.

Hospitalini aliandika saa ya kufika, akasaini daftari, akasubiri mtaalamu ahesabu vikopo mbele yake. Akapangusa deli kwa klorini, akaliinamisha likauke. Kisha akaomba bahasha ya majibu ya safari iliyopita, iliyofungwa, akaitia kifuani ndani ya koti.

Kati ya wanaoisubiri yumo mama mmoja tangu Jumatatu. Jina lake msafirishaji analijua herufi kwa herufi. Sura yake hajapata kuiona.