Kabla ya Sindano

Katika upasuaji wa fistula ya uzazi, sindano huja mwishoni. Muda mwingi daktari yuko kwenye kazi ya kuachanisha kibofu na uke, na hiyo ndiyo ninayoistaajabia.

Uchungu ukipita siku mbili, tatu, bila mama kupata msaada, kichwa cha mtoto hukibana kibofu kwenye mfupa wa nyonga. Damu haipiti, nyama hufa, na baada ya siku chache huachia. Tundu hubaki kati ya kibofu na uke, ndiyo fistula yenyewe, mkojo ukawa unatoka wenyewe usiku na mchana. Kovu nalo hugandisha kila kitu hapo. Ukivuta kingo kwa nguvu ukazishona, uzi utashika leo, wiki ijayo utakata nyama. Na mshono wa kwanza ndio wenye nafasi nzuri kuliko yote. Ukishindwa, unaacha kovu jipya juu ya lile la zamani.

Mama akishachomwa ganzi ya mgongoni na kuinuliwa miguu, daktari huanza kwa kutafuta midomo ya mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Mara nyingine iko pale pale ukingoni mwa tundu. Hupitishiwa vipira vyembamba, isije ikashonwa kwa bahati mbaya na figo likaharibika. Mkasi mwembamba ndipo huingia kati ya kibofu na uke, taratibu mno, mpaka kibofu kilegee. Tazama mikono yake sasa: anashika kingo mbili kwa vibanio na kuzisogeza tu, apime kama zinafikiana. Zisipofikiana, anarudi kwenye mkasi, hata kama saa zimekwenda. Zikikutana bila kuvutwa, anaomba uzi.

Akimaliza, kibofu hujazwa maji ya rangi ya buluu na shashi nyeupe huwekwa ukeni, ionekane kama pamevuja. Mpira wa mkojo hukaa takriban wiki mbili, na hapa ufundi uko kwa muuguzi wa zamu: mpira ukiziba usiku, kibofu kikajaa, mshono unaweza kufumuka.

Ufundi huu una deni. Huko Alabama, Marekani, miaka ya 1840, daktari J. Marion Sims aliwapasua tena na tena wanawake watumwa bila ganzi. Majina ya watatu yanajulikana: Anarcha, Lucy na Betsey. Wastahili kutajwa kabla yake.

Wa kutajwa pia ni Mamitu Gashe wa Ethiopia. Aliletwa Addis Ababa akiwa msichana mgonjwa, akatibiwa na madaktari Catherine na Reginald Hamlin, waliofungua hospitali yao ya fistula mwaka 1974. Akabaki kutandika vitanda, akashika vyombo vya upasuaji, kisha akafundishwa kupasua, yeye ambaye shule hakusoma. Madaktari wenye shahada wamesimama kando yake kujifunza.